Watoto wetu wanasoma na njaa: barua ya wazi kwa wazazi wa Shinyanga na Geita

Kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wa sekondari za kutwa, mikoa ya Shinyanga na Geita.

Nakala: wakuu wa shule, wajumbe wa bodi za shule, madiwani na wakurugenzi wa halmashauri.

Yah: CHAKULA CHA MCHANA SHULENI

Ndugu wazazi wenzangu,

Nawaandikia juu ya jambo moja tu. Watoto wetu wengi katika sekondari za kata wanashinda na njaa, na njaa hiyo tunaweza kuimaliza sisi wenyewe kwa mahindi tunayolima na fedha tunazozipata, bila kungoja bajeti ya mtu mwingine. Kazi yake si nyepesi. Lakini kila mwaka tunaoupitisha bila kuifanya tunapoteza watoto ambao tunawajua kwa majina na kwa ukoo wao.

Mtafakarini mtoto mmoja wa kidato cha pili, wa Ushetu au wa Nyang'hwale, anayekaa mbali na shule. Saa kumi na moja alfajiri yuko njiani na ndala mkononi, viatu vya shule ameviweka kwenye begi visichakae. Nyumbani ameacha jiko la baridi, maana hakuna anayepika uji saa hizo. Saa nne, kengele ya mapumziko ikigongwa, wenye shilingi mia mbili wanakwenda kwa mama wa maandazi pale getini. Yeye anakwenda bombani. Saa saba mwalimu wa hisabati anaandika milinganyo ubaoni na nusu ya darasa wamelaza vichwa juu ya meza. Mwalimu anayajua hayo, hata kuwachapa ameshaacha. Vipindi vikiisha kuna usafi, kisha mwendo uleule wa kurudi. Akifika nyumbani jua linazama, na chakula chake cha kwanza cha siku ni ugali wa usiku. Mtoto huyo huyo ndiye tunayemuuliza kwa nini amepata alama sifuri ya kemia.

Sasa tazama anakokwenda akichoka. Wazazi wa Rwamgasa, Nyarugusu, Mgusu, Kakola na Mwakitolyo hawahitaji kuelezwa. Mvulana mwenye njaa anasikia karasha zikisaga mawe, anajua kwamba akibeba maji mwaloni, mahali pa kuoshea dhahabu, au akipekua marudio mpaka jioni atapata hela ya wali maharage siku hiyohiyo. Anakwenda mara moja, anakula, anashiba. Wiki ijayo anakwenda tena. Baada ya muhula mmoja jina lake lipo kwenye kitabu cha mahudhurio lakini mwenyewe hayupo, na mikono yake imeshaanza kufinyanga zebaki bila kinga. Shirika la Human Rights Watch liliandika juu ya watoto wa migodi midogo ya Geita, Kahama na Chunya mwaka 2013, dunia ikasoma, ikashtuka, ikasahau. Sisi hatuwezi kusahau kwa sababu ni watoto wetu. Wengi wao hawakuikataa shule kwa ujeuri. Walifuata sahani.

Na binti? Hili nalisema kwa uchungu. Kwa binti anayetembea njia ndefu tumbo likiwa tupu, mwenye bodaboda anayesimama na kumwambia "panda nikusogeze", kisha kesho akamletea chipsi mayai, si mtu wa kumkimbia. Ni mtu pekee aliyemuuliza kama amekula. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 uliuweka mkoa wa Shinyanga juu kabisa nchini kwa ndoa za utotoni: asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Sheria tunazo. Tangu 2016, anayemuoa mwanafunzi au kumpa mimba anaweza kufungwa miaka 30. Mwaka huohuo Rebeca Gyumi aliishinda serikali Mahakama Kuu kuhusu vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti wa miaka 14 au 15 kuolewa, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo Oktoba 2019. Lakini hakimu anaingia mwishoni, mambo yakiwa yameshaharibika. Makande ya saa saba yanaingia mwanzoni. Wapo kati yetu waliowaambia mabinti wajaze majibu ya uongo kwenye mtihani wa darasa la saba ili ng'ombe wafike zizini mapema. Mabinti waliofaulu licha ya hayo, wakafika kidato cha kwanza kwa juhudi zao, tusiwaache tena waanguke kwa kukosa bakuli la chakula.

Najua jibu linalotolewa kila mkutano, kwa sababu nimelisikia likitolewa na watu wenye akili timamu: "Serikali ilisema elimu bure." Tulieleze vizuri. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima, na kuanzia Januari 2016 watoto wa maskini walimiminika shuleni. Ulikuwa uamuzi mwema, na mimi ni miongoni mwa walioufurahia. Lakini Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ulifuata, ukafafanua nani anafanya nini, na katika majukumu ya mzazi chakula cha mtoto anayesoma kutwa kimetajwa pamoja na sare, madaftari na matibabu. Waraka huo wa pili haukutangazwa kwa kipaza sauti mnadani kama ule wa kwanza. Kisha Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango mashuleni, baada ya malalamiko ya kweli ya watoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mia tano na elfu moja. Walimu wakuu wakaogopa hata kulitaja neno mchango. Nasi tukajipumzisha. Majiko yaliyokuwa yakiwaka yakazimwa, masufuria yakafungiwa stoo, na kwenye shule nyingi hayajatoka mpaka leo.

Serikali inatoa ruzuku ya shilingi 25,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari. Mwaka wa masomo una siku 194. Gawanya: haifiki shilingi 130 kwa siku, na hiyo imekusudiwa vitabu, chaki, mitihani na ukarabati. Hakuna sufuria linaloweza kuinjikwa kwa fedha hiyo. Wanaosema wizara ingeongeza wana hoja, na waendelee kuisema bungeni. Mtoto wa leo ana njaa leo.

Wengine wanasema mgodi utoe. Nami nasema mgodi utoe, maana sheria iko wazi: ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo unaingia halmashauri, na tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 kampuni ya madini lazima ikubaliane na halmashauri kuhusu mpango wa kusaidia jamii. Nyankumbu pale Geita ni sekondari ya wasichana iliyojengwa kwa fedha za mgodi, na inafaa kila mtu akaione. Ila watu wa Kahama wameshaonja kitu kingine. Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji 2009, na 2021 ukafungwa. Mgodi una umri wake. Darasa unaweza kutujengea. Kupika makande kila siku ya shule kwa watoto wa kata yako hakujawahi kuwa kazi yake.

Sasa hesabu yenyewe, kwa sababu nadhani tunaogopa kitu ambacho hatujakipima. Mwanafunzi mmoja apewe gramu 150 za mahindi na gramu 50 za maharage kwa mlo. Kwa siku 194 hizo ni kilo 29 za mahindi na kilo kama 10 za maharage. Yaani debe moja na nusu la mahindi, na nusu debe la maharage, kwa mwaka mzima. Gunia moja la kilo 100 linawalisha watoto watatu kuanzia Januari mpaka Desemba na linabaki. Kishapu, ambako mahindi huwa ya kubahatisha, mtama na choroko vinaingia sufuriani vilevile, na sioni kwa nini michembe na karanga vikataliwe. Kuna kuni, chumvi, mafuta kidogo na ujira wa mpishi. Hizo ni fedha taslimu, na kwa shule yenye watoto mia kadhaa fungu la kila kaya linakuwa dogo. Mwongozo wa kitaifa wa chakula shuleni wa mwaka 2020 upo na unaruhusu haya yote kupangwa na wazazi wenyewe. Nani katika sisi, mwenye ng'ombe hata wawili au shamba la ekari tatu, atasema debe moja na nusu limemshinda?

Kinachotushinda ni wakati. Tazameni barua za michango zinatolewa lini: Januari. Januari ghala ni tupu, mahindi shambani yako magotini, bei ya debe sokoni imepanda, na hapohapo kuna sare na madaftari ya kununua. Mkulima anaposoma barua hiyo anaona kejeli, anaikunja anaiweka mfukoni. Mwezi Juni mkulima huyohuyo ana magunia uani, anauza kwa bei ya kutupa kwa wenye malori, ameshapokea fedha ya pamba, na shule haimwambii chochote kwa sababu watoto wanakwenda likizo. Mkutano wa chakula ufanyike Mei. Debe lipelekwe shuleni Juni, likiwa limekauka vizuri na kutiwa dawa, liwekwe stoo liwangoje watoto Julai na Januari inayofuata. Badiliko hili moja halina gharama hata ya senti, na naamini lingefufua majiko mengi kuliko semina yoyote.

Kwa wenzetu wa machimbo utaratibu uwe mwingine, kwa sababu riziki yao haina Juni. Mawe yanatoka au hayatoki. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, anajua kwamba huwezi kumshusha mtu futi mia chini ya ardhi na njaa. Anawalisha vijana wake wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi, kabla hajaona hata punje ya dhahabu, kwa imani kwamba siku mwamba ukifunguka mifuko itagawanywa na chakula kitajilipa. Watoto walio darasani wako chini ya duara refu zaidi, la miaka minne, na hatujawapa hata uji. Basi mchimbaji asidaiwe fungu la mwezi ambalo hana. Akubaliane na shule kwamba siku mifuko inapogawanywa, anatoa fungu la mtoto wake la mwaka mzima kwa mkupuo. Wenye karasha na wenye mialo, ambao wana kipato cha kila siku, wachukue gharama ya kuni na mpishi. Haya yanazungumzika kwenye kikao kimoja cha machimbo, na viongozi wa vikundi vya wachimbaji wana sauti ya kuyafanya yatendeke.

Nafika kwenye jambo lililo zito kuliko mahindi, nalo ni kutoaminiana. Wengi wetu tulishatoa. Katika shule moja ninayoifahamu wazazi walipeleka magunia, na ilipofika Agosti wakaambiwa yameisha, bila daftari wala maelezo. Mwaka uliofuata hakuna aliyetoa, na sikuweza kumlaumu hata mmoja. Mkuu wa shule anayetaka chakula cha wazazi akubali macho ya wazazi. Stoo ifungwe kwa kufuli zaidi ya moja, na ufunguo mmoja ukae kwa mzazi aliyechaguliwa na wazazi, asiyekuwa mwalimu wala ndugu wa mwenyekiti. Kilichoingia na kilichotoka kiandikwe kila siku kwenye karatasi iliyobandikwa nje ya ofisi, ambapo hata mpita njia anaweza kusoma. Mbona akina mayu wa VICOBA wanafanya hivyo kila wiki? Kisanduku cha kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu, fedha zinahesabiwa mbele ya wote. Wanawake wa Kakola na Katoro wasiomaliza hata darasa la saba wanaendesha mamilioni kwa utaratibu huo. Wakabidhiwe stoo ya shule, wataijua kilo kwa kilo. Wao ndio wanaojua debe linakwenda siku ngapi na mpishi anayeiba anaonekanaje.

Hapa naomba niseme na akina baba, maana mikutano ya shule naiona inavyokaa. Akina mama wako mbele, wamekaa chini kwenye khanga zao. Akina baba wachache wako nyuma, wameegemea baiskeli, wakisubiri kutia saini waondoke. Na kuna watoto wanaokodi mzazi: kijana wa bodaboda anapewa elfu mbili, anaingia ofisini anaitika "ndiyo mwalimu, nitamkanya", anatoka. Mtoto aliyefikia hapo ameshajua kwamba nyumbani hakuna atakayeuliza. Ukimuuliza baba mwenyewe, anasema, "Mimi sikusoma, nitasema nini mbele ya walimu?" Ndugu yangu, hakuna anayekuita ufundishe fizikia. Unaitwa uhesabu magunia, uulize mtoto wako alihudhuria siku ngapi mwezi uliopita, uonje makande kama yameiva. Wewe unayeweza kumtazama ng'ombe kwa mbali ukajua ana njaa, unashindwaje kujua kwamba mwanao ana njaa?

Na tusijidanganye kwamba kujitolea kwa ajili ya shule ni kitu cha kigeni kilicholetwa na miradi. Mwaka 1955 Waafrika wa Tanganyika waliunda chama cha wazazi, TAPA, wakajenga shule ambazo serikali ya kikoloni haikutaka kuwajengea. Jumuiya ya Wazazi ya leo imetokana nacho. Hapa Usukumani, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986 nchi yetu ikiwa jangwa, ni wazee waliorudisha ngitili, yaani malisho yaliyotengwa na kuhifadhiwa, na vijiji vingine vilitumia mapato ya ngitili za pamoja kujengea madarasa. Sekondari za kata zenyewe, tangu 2006, zilisimama kwa msaragambo: wengi wenu mlibeba mawe na maji kwa mikono yenu, mkanyanyua maboma mpaka kwenye renta kabla bati la halmashauri halijafika. Na leo msiba ukitokea kwenye nzengo, mahindi, kuni na maji vinafika kabla ya jua kuchwa, na asiyefika anaulizwa. Nguvu hiyo ipo. Haijaelekezwa kwa watoto walio hai.

Lakini nina sharti, na juu ya hili sitayumba. Asiwepo mtoto hata mmoja atakayenyimwa sahani au kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hakutoa. Tukifanya hivyo tutakuwa tumeyarudisha yaleyale yaliyosababisha katazo la 2018, na tutakuwa tumestahili kukatazwa. Yupo bibi anayelea wajukuu wanne ambao baba yao alifukiwa na kifusi. Yupo mjane asiye na shamba. Hao majina yao yasomwe kimya ofisini, si mkutanoni, na mafungu yao yabebwe na wenye nacho. Asiyekuwa na mahindi lakini ana mikono, alete mzigo wa kuni au aje kuosha sufuria. Na yule mwenye ng'ombe mia anayejificha nyuma ya umaskini wa jirani yake, huyo serikali ya kijiji imwite, imkalishe.

Wakuu wa shule na wakurugenzi, kwenu nina maombi mafupi. Msitutumie barua za kubebwa na mtoto, tuiteni tukae. Msitupangie kiasi kabla hatujakubaliana. Hakikisheni kuna stoo isiyovuja na maji ya kupikia, maana hilo liko juu ya uwezo wetu na liko ndani ya uwezo wa ushuru wa huduma. Madiwani wa kata zenye migodi, mnapokaa kujadili mpango wa mwaka na kampuni, jiko la shule na tanki la maji viwemo kwenye orodha kabla ya mnara na sanamu ya barabarani.

Muda tulionao ni mfupi kuliko wengi wanavyodhani. Kwa mtaala mpya, watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia watamaliza darasa la saba. Mikupuo miwili itaingia kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028. Madarasa yaliyojaa leo yatafurika. Shule isiyoweza kuwalisha watoto mia tatu itapokea idadi kubwa zaidi, na machimbo na bodaboda vitakuwa vinasubiri nje ya geti kama kawaida.

Kwa hiyo naomba hivi. Kabla ya Mei kuisha, mzazi mmoja katika kila kata aende kwa mkuu wa shule aombe mkutano wa wazazi wenye ajenda moja, chakula. Asiende peke yake. Aende na wenzake watatu, wawili wawe akina mama. Waende na hesabu ya debe moja na nusu mkononi, waombe kuiona stoo na kuhesabu masufuria yaliyomo, na watoke wakiwa na tarehe ya mkutano imeandikwa. Kwenye kata yangu tumeanza na hilo la stoo. Paa linavuja kona moja, na fundi amesema bati sita zinatosha.

Ni mimi mzazi mwenzenu,
Kahama.